Siku Mia Mbili na Kumi na Moja

...na mgongo, karani anasema mgongo, basi na hilo limo, ugonjwa wa mgongo uliomlaza Bwana Urbanus kitandani tangu mwanzo wa Agosti mwaka jana hadi mwisho wa Februari mwaka huu wa sabini na saba, asiweze kuketi, asiweze kushika kalamu, asiweze kumweleza wakili wa Serikali lolote kuhusu nyumba ya Magole, na hiyo, mheshimiwa, ndiyo sababu ya tatu ya kuchelewa kwa rufaa... Yudith alikuwa ameketi wima kwenye benchi la mbele, upande wa kushoto, magoti pamoja kama alivyozoeshwa shuleni Mamboya akiwa msichana, mikono mapajani, na ndani ya kiganja cha kulia, chini ya pindo la kanga, alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kilikuwa kimeanza kulowa jasho, akakihamishia mkono wa kushoto bila kukitazama, mgongo upi huo, alijiuliza, au ni mgongo ule ule aliouona kwa macho yake mawili kule Mikumi mwezi wa kumi, umevuliwa shati, unang'aa, juu ya ngazi, unainama na kuinuka kila nyundo inapopiga, pa, pa, pa, huo ndio mgongo usioweza kuketi... na mwenye mgongo wake yule pale, benchi la upande wa pili, suti ya kijivu ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, kashika mkongojo mpya ambao mpira wa ncha yake haujaona vumbi, anatazama mbele kwa upole kama mtu aliye kanisani, na Yudith akaona kwamba hata kukaa kwake ni kwa mtu mzima wa afya, kiuno kimetulia, mabega yamelegea, akajisemea ngoja, ngoja kidogo, ngoja wakili amalize.

Wakili wa Serikali alikuwa kijana, mtu wa kutoka Dar es Salaam kwa treni ya jana, anasema Kiingereza chake laini kisha ananyamaza, na karani Samweli anakigeuza Kiswahili kwa faida ya mjibu maombi, ndivyo anavyoitwa leo, mjibu maombi, mwaka juzi aliitwa mdai, mwaka jana akaitwa mshinda kesi, leo mjibu maombi, jina linabadilika kila mwaka na nyumba iko pale pale mikononi mwao... Yudith alisoma mpaka darasa la sita, Kiingereza alikisikia nusu, kwa hiyo kila sababu ilimfikia mara mbili, kwanza kama ngurumo upande wa milimani, halafu kama mvua yenyewe. Sababu ya kwanza nakala ya hukumu ilichelewa kuchapwa. Sababu ya pili jalada lilipotea ofisi ilipohama. Jaji, mzee wa miwani mizito aliyekuwa na tabia ya kufuta pua kwa leso kabla ya kuuliza swali, alifuta pua akauliza ofisi ilihamia wapi, kijana akajibu jengo la jirani, mheshimiwa, na nyuma ya ukumbi mtu mmoja akakohoa ili asicheke, na jaji akaandika, akaandika kwa muda mrefu kuliko neno jirani linavyohitaji. Hizo zilianguka zenyewe, Yudith aliziona zikianguka, lakini hakuzifurahia, hakuja Kilosa kuangusha jalada, alikuja kumwangusha mtu.

Mia mbili na kumi na moja. Hukumu ilisomwa tarehe tatu Mei mwaka jana, katika ukumbi huu huu, hakimu akasema nyumba ya marehemu Stefano ilichukuliwa bila haki, irudishwe kwa mjane wake pamoja na paa lake, na Serikali ikitaka kukata rufaa inazo siku tisini, zikapita tisini, siku ya mwisho ikawa Agosti mosi, akaanza kungoja ufunguo, kila akienda kwenye ofisi ya kijiji anaambiwa subiri, mama, pengine wakubwa watakata rufaa, subiri, hatujapata barua, naye kwenye kalenda ya kanisa akawa anachora msalaba kila asubuhi kwa wino mwekundu, Agosti nzima, Septemba nzima, mpaka Noeli, mpaka Mwaka Mpya, mpaka tarehe ishirini na nane Februari walipofungua maombi yao ya kuongezewa muda, na alipoihesabu misalaba ilikuwa mia mbili na kumi na moja, akahesabu tena kwa kurudi nyuma ikawa hiyo hiyo... na yeye je, yeye alipewa nini, mwaka wa sabini na tano kesi yake ya kwanza ilipangwa saa tatu asubuhi, mto pale Rudewa ulikuwa umekata barabara, lori likagoma kuvuka, akavua viatu akaingia majini yakamfika kifuani pamoja na wanaume wawili wasiomjua, akatembea na kanga mbichi mpaka Kilosa, akafika saa sita na robo, karani akamwambia kesi imefutwa, mama, hukuhudhuria, akasema mto, karani akasema najua, mama, lakini imefutwa, akaanza upya, barua upya, kibali upya cha kuishtaki Serikali, mwaka mzima, kwa saa tatu na robo... na leo wanakuja na jengo la jirani. Na mgongo.

Huyu, mgongo wake Yudith anaujua toka zamani, ameufulia mashati, kwani nani alimpokea Urbanus alipoletwa Magole kijana mwembamba na sanduku moja la bati, ofisa wa kilimo asiye na mahali pa kulala, Stefano ndiye aliyemkuta dukani amekalia sanduku lake akamwambia njoo nyumbani, akaja kwa siku tatu akakaa miezi minane, chumba cha upande wa barabara, akila ugali wa mikono ya Yudith, akiamka anasema shikamoo mama, na Yudith hana mtoto, Mungu hakumpa, akaitikia marahaba baba kwa moyo wote, akampikia maharage ya nazi aliyoyapenda, akamkanda kwa maji ya moto alipoumwa homa, ndio, mgongo huo huo aliukanda kwa mikono hii... ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo Stefano aliijenga kwa miaka sita, seremala wa misheni, tofali anachoma mwenyewe, mbao anapasua mwenyewe, na bati, bati zile alizinunua chache chache, akazipaka upande wa ndani rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya kanisa, ili mtu akilala chali, alisema, aone kitu kizuri... alisemaje hasa, aliyasema vipi maneno yale... na Urbanus alilala chali chini ya kijani ile miezi minane.

Halafu mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji, na Urbanus naye alikuwa amepanda, sasa ndiye bwana wa operesheni, gari, karatasi, wanamgambo, na watu wa Magole hawakukataa kijiji, mtu asiseme walikataa, Stefano mwenyewe alikwenda kuwasaidia wazee kubeba miti ya nyumba zao, alichofanya Stefano ni kuuliza tu, kwenye mkutano, mbele ya watu wote, aliinuka akauliza, kijana wangu, ramani uliyotubandikia ukutani inaonyesha nyumba yangu iko ndani ya kijiji kipya, sasa nahamishwa kutoka kijijini kwenda wapi, na watu wakacheka, si kicheko kibaya, kicheko tu cha watu waliochoka, na Yudith alimwona Urbanus akiitazama ile ramani, akaona kwamba amekosea na anajua amekosea, na akaona masikio yake yakibadilika rangi... basi ni hayo tu, kicheko cha nusu dakika, kwa hicho kicheko wanamgambo walikuja Jumanne ya pili yake, mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeshaanza, wakapanda juu na kung'oa bati moja moja, eti za ghala la kijiji, ghala ambalo mpaka leo halijajengwa hata msingi, na Stefano amesimama uani na kikohozi chake, na ni Yudith aliyemwendea Urbanus pale alipoegemea gari akamwambia baba, hizi ni bati zetu, wewe unazijua, naye bila kumtazama akasema, "Mama, nitajie bati moja lililoandikwa jina lako." Kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, mama. Wakahamia kwenye kibanda cha nyasi mwendo wa nusu saa, majani bado mabichi, mvua ikaingia, kifua cha Stefano hakikuwa cha kuloweshwa, wiki ya tatu akalala, wiki ya tano akafa, wakamzika mvua ikinyesha na kaburi likijaa maji wakiyachota kwa ndoo, na nyumba ikaezekwa nyasi ikawa stoo ya mifuko ya mbolea.

Sasa karani anasema Bwana Urbanus anaapa kwamba hayo yote ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wake na imani yake, imani, Yudith akainua macho, akamwona Urbanus anatikisa kichwa taratibu, ndiyo, imani, na mkono wake ukakibana kikaratasi mpaka kikalia kidogo, mzee Kasian aliyeketi nyuma yake akakisikia, akaweka kidole kimoja begani mwake, akakiondoa. Kasian alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, sasa anawaandikia watu barua kibarazani karibu na boma, ndiye aliyemwandikia zote, na kidole chake kilimaanisha yale aliyomwambia jana, akiwa ameisoma karatasi mara mbili, akaivua miwani akaiweka mezani... karatasi yenyewe ni maneno mawili matatu. Ilikuwa hivi, Oktoba mwaka jana mdogo wake Teresia alimwalika Mikumi kwenye ubarikio wa binti yake, akaenda, wakati wa kutoka kanisani wakapita njia ya nyuma ya soko na huko juu ya nyumba mpya palikuwa na mtu asiye na shati anapiga misumari, Yudith akatazama kwa sababu mtu hutazama nyundo inapopigwa, na kabla hajamtambua mtu akaitambua rangi, chini ya ukingo wa paa, kijani, kijani ya milango ya kanisa, mstari mzima wa bati, akasimama pale pale, Teresia akauliza kuna nini, dada, akasema mwiba. Usiku wa pili yake shemeji Paulo, mume wa Teresia, aliyekuwa fundi wa paa hilo na hakujua bati zimetoka wapi, alimtolea kikaratasi kwenye kopo la misumari, Urbanus alikuwa amemtumia kwa mkono wake mwenyewe, Fundi, niletee misumari ya bati kilo tatu, kesho nitakuwa juu mwenyewe tangu asubuhi, jina, sahihi, tarehe 14/10/76. Mtu asiyeweza kushika kalamu. Mtu asiyeweza kuketi, atakuwa juu mwenyewe tangu asubuhi. Paulo akasema shemeji, ichukue, mimi nitaapa.

Na mzee Kasian jana akasema, kwa Kikaguru, kama anavyosema mambo ya uzito, kwamba karatasi ni nzuri na ni ya kweli, na ndiyo maana asiitoe. Kwa nini. Kwa sababu ukiitoa, binti yangu, umeleta ushahidi mpya, wakili ataomba muda wa kuujibu na jaji atampa, hawezi kukataa, ataitwa fundi, ataitwa daktari wa Mikumi kuhusu huo mgongo, ataitwa Urbanus mwenyewe, na jaji huyu anaondoka Ijumaa na kikao chake kingine hapa ni mwakani, pengine aje yeye, pengine aje mwingine wa kuanza upya, wakati sababu zao zilivyo sasa hazisimami, naijua kazi hii miaka thelathini, nyamaza tu na keshokutwa nyumba ni yako. Yudith akauliza, na Urbanus. Kasian akasema, "Urbanus hashtakiwi kesho. Kilicho mezani ni nyumba." Akauliza tena, na Urbanus, mzee. Kasian akaichukua miwani yake. Na Yudith akaenda kulala kwa Generoza, mama wa Kanisa anayempokea kila akija Kilosa, akakipiga pasi kikaratasi kwa kiganja kwenye kitanda, akaamua, na kuamua kwenyewe hakukuwa na kazi, alikuwa ameshaamua tangu kile kicheko cha mkutanoni, au tangu ndoo za kaburini, mwaka si kitu, angoje mwaka, angoje miwili, mradi siku moja amwone Urbanus amesimama kizimbani mahali pale penye reli iliyochakaa kwa mikono ya watu, aulizwe hii sahihi ni ya nani, na afungwe, kwa kiapo cha uongo watu hufungwa, avae nguo nyeupe za wafungwa, apite barabara ya stesheni na jembe begani kukata majani ya wakubwa, na yeye Yudith atakuwa pale, atahamia Kilosa akibidi, atauza vitumbua mkabala na barabara hiyo ili asipitwe hata na asubuhi moja, na kila akipita atamuuliza kwa adabu kabisa, kwa sauti ya chini, mgongo unaendeleaje, baba... na alipofika hapo jana kitandani alicheka peke yake gizani, na Generoza akauliza upande wa pili wa ukuta, unaota.

Wakili amekaa. Hakuna sauti ila pangaboi na mahali fulani nje mtu anabwaga vyuma kwenye reli. Jaji akafuta pua, akapitisha macho juu ya karatasi zake, halafu akaacha Kiingereza, akamtazama yeye juu ya miwani, akamsemesha Kiswahili cha nyumbani, "Mama, umezisikia sababu za Serikali. Una la kusema?" Na Yudith akasimama. Akashika mgongo wa benchi, akasikia kikaratasi kati ya ngozi na ubao, ni hapa sasa, midomo ifunguke tu, mheshimiwa ninayo karatasi, maneno matatu, akamtazama Urbanus ili amwone anavyoyapokea, na Urbanus alikuwa anatazama mkono wake, si uso, mkono, alikuwa ameuona weupe uliochungulia kati ya vidole, na masikio yake yakabadilika rangi, yale yale, kama siku ya ramani, kumbe anajua, hajui ni nini lakini anajua kipo, na Yudith akasikia utamu ukimpanda kutoka tumboni mpaka kooni, utamu wenyewe hasa, miaka mitatu hajaonja kitu kitamu hivi, akatamani Stefano auone, akamwambia Stefano moyoni tazama, tazama masikio yake, na akangoja Stefano amjibu kama anavyomjibuga siku zote kichwani, kwa kile kisauti chake cha puani cha mtu mwenye msumari mdomoni, akangoja... hakikuja. Akajaribu tena, aanzie mahali rahisi, bati, siku ya kupaka rangi, alisema mtu akilala chali aone kitu kizuri, maneno anayo, maneno yote yapo, lakini anayeyasema ni nani, akasikiliza, na sauti iliyoyasema ilikuwa ya chini, ya adabu, mama, nitajie bati moja... akaifukuza, akaenda nyuma zaidi, siku ya posa Mamboya, Stefano amesimama mlangoni kwa baba yake ameshika kofia, alimwambia nini baba, na pale pale sauti ikasema mama, hii si juu yangu, ikasema mama, shikamoo, ikasema maharage haya, mama... Urbanus mlangoni kwa baba yake, Urbanus juu ya paa, Urbanus kaburini anasema amina, kila mahali alipomtafuta mumewe alimkuta huyu amekaa, amejaa, miaka mitatu anaamka naye, anakula naye, anamchorea misalaba myekundu asubuhi kabla hata hajasali, mke wa mtu gani anafanya hivyo, hata mkewe wa halali hamkumbuki Urbanus hivyo... akamkaribisha mara ya kwanza miezi minane, akamkaribisha mara ya pili miaka mitatu, na sasa anataka kumwongezea mwaka.

Mwaka. Jaji alikuwa anangoja, amesimamisha kalamu hewani, hana haraka. Mwaka wa vitumbua barabara ya stesheni, mwaka wa kumkesha, alfajiri, mchana, afya yake, jembe lake, mgongo wake, na nyumba na mifuko ya mbolea ndani yake, na mvua nyingine ya vuli, na wakili huyu kijana atasimama pale aseme asante, mheshimiwa, tunashukuru kwa muda tulioongezewa... kwani wamekuja kuomba nini leo, aliwaza Yudith, na wazo hilo lilimjia polepole, likakaa, kwani hawa wamekuja na treni kuomba nini ila siku, siku tu, ndicho walichokosa, mia mbili na kumi na moja wamezila na hazikuwatosha wamekuja kuomba nyingine, na jaji hana za kuwapa, aliye nazo ni yeye, ziko mkononi mwake zimekunjwa mara nne, akifungua vidole wamezipata. Akamtazama tena Urbanus. Hakuona mtoto aliyemfulia mashati wala hakumhurumia, asijidanganye mtu, alimchukia vile vile alivyokuwa anamchukia alipokuwa ameketi, ila aliona kwamba mtu yule anatoka jasho kwa ajili ya kitu asichokijua, na kwamba ataendelea kutoka jasho, kesho, na mwezi ujao, kila akisikia jina la Magole, kila fundi Paulo akimpungia mkono sokoni, atajiuliza yule mama alikuwa ameshika nini, na hakuna mahakama itakayompangia tarehe ya kujua. Basi, angoje yeye. Zamu yake kungoja.

"Sina, mheshimiwa," akasema. "Nilikuja kusikiliza."

Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, karani Samweli akainua kichwa kama anayetaka irudiwe, lakini jaji alikuwa ameisikia, akamwambia asante mama, kaa, akageukia meza ya wakili, akasema kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza kwamba Mahakama haijaona sababu ya kutosha ya kuchelewa siku mia mbili na kumi na moja, kwamba Serikali nayo inafungwa na kalenda kama mtu mwingine, ombi limekataliwa, hukumu ya Mei mwaka jana inasimama kama ilivyosomwa, na sababu zote ataziandika sasa hivi, watu wakae watulie. Akainama akaanza kuandika. Wakakaa. Pangaboi likawa linazunguka, yule wa vyuma bado anabwaga vyuma, wakili anafunga jalada lake kwa utepe na hakuonyesha kuumia, nyuma mzee Kasian alipumua pumzi ndefu yenye harufu ya tumbaku, Urbanus bado anautazama mkono wa Yudith, na mtu angeingia mlangoni dakika ile angewakuta kama walivyokuwa, mabenchi mawili, mzee anaandika, hakuna lililotokea... Hukumu ilisema pamoja na paa lake, sasa paa lile litatafutwa na watu wenye kazi ya kutafuta, wafuate wenyewe mpaka Mikumi wakitaka, yeye haonyeshi njia, akakae kwanza chini ya nyasi, nyasi si neno, mifuko ya mbolea ataitoa mwenyewe kwa mikono, mmoja mmoja, kesho kuna lori la saa mbili la kwenda Dumila, atashukia Magole kabla ya jua kali, aingie chumba cha ndani, kuna mahali kando ya dirisha Stefano alipima kwa penseli kabati ambalo hakuwahi kulijenga, futi tano na inchi mbili, na chini yake mstari, na mshale, kama hawajapaka chokaa, na kama wamepaka, basi chokaa si saruji, ataikwangua.